Trakta Chini ya Banda la Kuku

Jumapili, tarehe 5 Mei 2002

Juzi askari wamechukua pikipiki ya daktari. Jana jenereta ya mfanyabiashara wa soko kubwa. Sasa wanaulizauliza habari za trakta. Trakta yangu! Nasema yangu. Ukweli ni yetu, nusu mimi, nusu Bulaimu, rafiki yangu muuza mpunga. Tuliinunua pamoja kwa Mreno mmoja wa Kibombo aliyekimbia kabla vita havijafika. Ni trakta ndogo, inapita kwenye mlango wa uani bila kugusa, lakini inalima hekta nzima kabla ya jua la saa sita.

Wazo! Nimelipata kanisani katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Tuifungue vipande vipande, kila jirani afiche kipande kimoja. Askari wakikamata kipande, wamekamata takataka. Trakta nzima hawataiona. Bulaimu alifikiri sana, akauliza itakuwaje mmoja wetu akibanwa. Nikamwambia mimi ni mtu wa reli, magazinia wa miaka kumi na mitano, na stoo yangu haijawahi kutoa siri hata moja. Akasema sawa.

Jumatano, tarehe 8 Mei 2002

Kazi imekwisha. Injini imepakwa grisi, imefungwa turubai, imezikwa uani kwangu chini ya banda la kuku. Kapo, yaani kile kifuniko cha injini, kwa Mama Mwavita. Tangi la mazutu, yaani dizeli, kwa Djamali. Magurudumu na kiti kwa Mchungaji Kasanda. Jembe la nyuma nimelifunga darini. Pompu ya mazutu, ambayo bila hiyo injini ni jiwe, amechukua Bulaimu mwenyewe. Alisema kitu cha hatari akae nacho mtu asiye na watoto wadogo.

Joëlle, mke wangu, alitikisa kichwa akasema juu ya Bulaimu, “Yule njo muntu,” yaani huyo ndiye mtu. Aliyebuni mpango ni nani? Mimi! Hakusema lolote juu yangu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei 2002

Wamekuja. Watatu. Wameona alama za magurudumu uani. Nilikuwa nimesahau kufagia!

Walinipiga kofi moja, shavu la kushoto. Waliuliza trakta iko kwa nani. Sikusema neno. Nalitaka liandikwe hapa wazi: sikusema neno. Nilinyoosha kidole tu, upande wa nyumba ya Bulaimu. Kidole si neno. Joëlle alikuwa mtoni, hakuona kitu. Sijala tangu mchana.

Jumatatu, tarehe 13 Mei 2002

Bulaimu amerudi kutoka kwa askari. Mguu wake wa kulia haukunjiki tena. Siku tatu walimuuliza na hakuwaambia chochote. Pompu hawakuipata.

Nilimpelekea sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, maana chumvi haionekani tena mjini. Alikula yote. Aliuliza tu kama injini iko salama. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema injini iko salama. Kesho nitakwenda nimwambie yote.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024

Nimelikuta daftari hili chini ya sanduku, panya wamekula pembe zote. Nimesoma. Nimelifunga. Nimelifungua tena. Miaka ishirini na miwili, na ile kesho bado sijakwenda.

Watu huniuliza kwa nini sijaunga ile trakta tangu vita viishe. Nina majibu. Mwanzo nilisema amani bado haijakaa vizuri. Halafu mazutu hayapatikani. Halafu nangoja malipo yangu ya reli, na jibu hilo halihitaji kuelezwa hapa Kindu, ambako reli hailipi mtu. Jibu la kweli ni kwamba pompu iko kwa Bulaimu, na mimi siwezi kusimama mlangoni kwake na kuitaja. Tunasalimiana kila siku. Tunaongea juu ya mvua. Akigeuka kuondoka natazama mbingu, nisione anavyotembea.

Leo mambo yamebadilika. Joëlle amerudi kutoka kwa muuguzi. Mgongo wake umekataa, asishike jembe tena maisha yake yote. Na hekta yetu ya Mikelenge, kando ya njia ya reli, iko majani hadi kiunoni, na mvua ya kwanza imekwisha kupiga. Joëlle hakulalamika. Alichukua jembe, akaliweka mapajani mwangu, akasema, “Baba Beya, sasa njo zamu yako.”

Nimelima hatua sita. Nimezipima. Kisha nikakaa kivulini kufikiri, na kufikiri nako ni kazi. Wazo! Trakta!

Jumatano, tarehe 4 Septemba 2024

Nimebomoa banda la kuku. Kuku wamehamia chumbani kwetu. Joëlle hajafurahi.

Injini imetoka! Fundi Godefroid, anayetengeneza pikipiki karibu na stesheni, alifungua turubai, akafuta grisi kwa kidole, akanusa. Alisema, “Muzee, hii injini imelala muzuri kupita sisi wote.” Nilijisikia kama nimesifiwa mimi. Kisha akaandika orodha ya vitu vinavyokosekana, na mstari wa kwanza aliandika pompu, akapiga mistari miwili chini yake. Nimemwambia aanze na mstari wa pili.

Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024

Siku ya kukusanya vipande. Nilidhani watu watafurahi kuondolewa mzigo!

Mama Mwavita anakaushia samaki juu ya kapo. Miaka ishirini na miwili. Nilimweleza kwamba ile ni mali yangu. Alinitazama kama mwizi. Alisema, “Ile kapo njo ilinilishia batoto, Baba. Leo unakuja kusema iko yako?” Nikamwahidi kwamba baada ya shamba langu, trakta italima shamba lake, la pili kabisa. Akanipa. Inanuka samaki hata baada ya kuoshwa mara nne.

Djamali ametia mawese ndani ya tangi. Nilimwahidi yeye pia nafasi ya pili.

Kwa Mchungaji Kasanda ilikuwa vigumu zaidi. Kiti cha trakta kimefunikwa kitambaa cheupe na kinakaa madhabahuni, kwa ajili ya wahubiri wageni. Gurudumu moja la chuma limening'inizwa nje, njo kengele ya kanisa. Nilimwambia Mungu haangalii kengele. Alijibu kwamba Mungu haangalii, lakini waumini wa mtaa huu hawaamki bila kengele. Nafasi ya pili! Akalegea palepale. Sasa nina watu watatu katika nafasi ya pili. Nitapanga baadaye, bado kuna wakati.

Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024

Nilijiandaa vizuri. Niliandika kwenye karatasi: kwanza kukiri, pili kuku, tatu pompu. Kuku nilimpeleka mzima, ili Bulaimu amchinje mwenyewe kwa desturi ya dini yake. Kitu cha namna hiyo hakisahauliki kwa mtu mwenye heshima. Nilivaa shati la ndoa ya Beya, binti yangu.

Nilivyofanya: kuku, pompu. Basi.

Bulaimu alimpokea kuku kwa mikono miwili. Nilipotaja pompu hakushangaa hata kidogo. Aliingia chumbani kwa mwendo wake ule, akatoka na chupa kubwa ya mdomo mpana. Pompu ilikuwa ndani, imezama kwenye mawese safi mekundu. Alisema amekuwa akibadilisha mawese kila mwaka, siku moja kabla ya Idi, asije akasahau. Mara ishirini na mbili! Mimi katika miaka hiyo yote nilibadilisha nini? Banda la kuku, mara moja, paa lilipovuja.

Hapo ilikuwa saa yangu. Machozi yalikuwa karibu. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama anazo pia zile bomba ndogo za pompu.

Alicheka. Alikuwa nazo, zimefungwa kwenye kanzu kuukuu. Alinisindikiza hadi barabarani, nikamwambia asijisumbue kutembea, na baada ya kusema hivyo nilitamani kujiuma ulimi. Usiku sikulala. Kuku nao hawakulala, wako chini ya kitanda.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024

IMEWAKA!

Godefroid alizungusha chuma cha kuwashia mara thelathini. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha mweupe, kisha ikanguruma, na mtaa wote ulikuja mbio. Watu walipiga vigelegele. Mama Mwavita aliigusa kapo yake. Nilipanda mimi, nikakaa kwenye kiti cha wahubiri, nikatangaza kwa sauti kwamba trakta yangu imefufuka. Yangu, nilisema. Nilisikia nikisema. Bulaimu alisimama pembeni akishika fimbo yake, akitabasamu kwa yale magurudumu.

Kisha niliweka gia. Nilitaka mbele. Trakta ilitaka nyuma. Ua wa choo chetu umelala chini, na Joëlle anasema alikuwa na bahati sana kwamba alikuwa ametoka dakika moja kabla. Godefroid aliniomba kwa adabu nishuke.

Jioni Bulaimu alibaki peke yake uani, akifuta vumbi kwenye pompu kwa kona ya shati lake. Nilimwona kutoka dirishani. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi, hatua kumi hazifiki. Nilikaa ndani hadi akaenda.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024

Siku mbaya. Nilikuwa uani natia mazutu. Akaingia kijana mwenye mkoba na shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Mtu mwenye kalamu moja anakuja kuuliza. Mwenye kalamu tatu anakuja kuchukua. Hakusalimia sana. Alitazama trakta, akatazama alama za magurudumu ardhini, akauliza, “Hii machini iko ya nani?”

Shavu liliniwaka. Lilelile la kushoto! Sikufikiri kitu, naapa. Nilisikia sauti yangu ikisema iko ya Bulaimu, nyumba ya tatu baada ya msikiti, mzee mmoja mwenye fimbo. Kidole nacho kilikuwa kimekwisha kunyooka.

Kijana aliandika, akashukuru, akaenda. Joëlle alitoka jikoni akauliza yule alitaka nini. Nikasema sijui, wezi watupu. Joëlle akasema hapana. Yule ni mtoto wa Neema wa sokoni, anaandikisha machini za shamba mtaa kwa mtaa. Mwenye machini anapewa karatasi yenye muhuri, na jina lake linawekwa kwenye orodha ya mbegu za msimu huu.

Muhuri! Mbegu! Nilikimbia. Kwa umri wangu! Nilimkuta anatoka kwa Bulaimu, anafunga mkoba. Nilimweleza kwamba kulikuwa na kosa dogo. Alijibu kwamba ameandika nilivyosema mimi mwenyewe, na mzee Bulaimu hakukataa.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba 2024

Nilimngoja Bulaimu atoke kuswali. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya mtu anayekubali mali ya mwenzake.

Alinikaribisha uani, akaniletea kiti, yeye akakaa kwenye gogo kwa sababu ya mguu. Karatasi ilikuwa mezani. Jina lake, muhuri wa buluu. Nilianza kusema. Aliinua mkono taratibu. Alisema kuna jambo alitaka kuniambia tangu zamani, lakini alidhani labda ningependa kulianza mimi, ndiyo maana alingoja.

Kisha akasema, “Nilijua tangu siku ya kwanza. Yule askari njo aliniambia: rafiki yako amekuonyesha na kidole.”

Hakuwa na hasira. Hasira ningeijibu. Alisema mwaka wa kwanza alinichukia. Mwaka wa pili alichoka kunichukia. Baada ya hapo alibaki na hamu moja tu, kuisikia kutoka mdomoni mwangu. Ndiyo sababu alitunza pompu. Alijua siku moja nitakuja kuiomba, na nikija, nitasema.

Nililia. Nasema kweli, nililia mbele ya mtu, mimi Ngeleka. Nilikumbuka ile sombe bila chumvi na jinsi alivyofuta sahani kwa kidole. Nilikumbuka vijana wawili waliokuwa hapa miaka ya nyuma, wanasukuma trakta kutoka kwenye behewa, wanacheka kama wendawazimu. Bulaimu akanitazama, akangoja. Alingoja muda mrefu sana. Majirani walipita wakasalimia, akajibu kwa kichwa, akaendelea kungoja.

Nikapangusa uso. Nikamwambia kwamba chini ya jina lake kwenye karatasi naona mstari mmoja mtupu, na je, haiwezekani kuongeza jina la pili?

Alitazama karatasi. Alisema atauliza. Kisha akaingia ndani.

Jumapili, tarehe 15 Septemba 2024

Alfajiri nimeamshwa na trakta. Nilitoka mbio hadi Mikelenge. Godefroid alikuwa juu yake, na Bulaimu alitembea nyuma na fimbo, akipima mifereji. Shamba letu! La kwanza kabisa, kabla ya lake mwenyewe. Saa nne hekta nzima ilikuwa imepinduliwa. Joëlle alisimama kwenye tuta akashika mgongo wake kwa mikono miwili na kulia kwa furaha. Bulaimu alimwambia kesho ni Mama Mwavita, keshokutwa Djamali, kisha mchungaji. Hata nafasi za pili amezipanga yeye.

Joëlle alisema lazima Bulaimu ale kwetu. Djamali alimchinja mbuzi, Joëlle akapika wali na nyama, akamwekea Bulaimu paja zima. Tulikaa watatu mezani. Nilikuwa na raha. Nilijiambia: umeona, mambo yamekaa sawa yenyewe, bila maneno.

Ndipo Joëlle, akimwongezea mchuzi, akasema kuna kitu kimemkaa moyoni miaka hii yote. Ni nani aliyemuuza Bulaimu kwa askari wakati ule? Alisema anataka kumjua mtu huyo, kwa sababu kila siku akiona mguu ule anasikia uchungu, na sasa mtu huyo tunamsalimia labda kila asubuhi.

Bulaimu aliweka kijiko chini. Alinigeukia. Alisema kwa upole kwamba Ngeleka anaijua habari ile kupita yeye, acha Ngeleka aseme.

Alinifungulia mlango mpana, mbele ya mke wangu, mezani pangu. Naliona hilo. Nililiona palepale. Maneno yalikuwa mawili tu, “ni mimi”, na Joëlle angelia, angenitukana kwa Kiluba, angekaa wiki bila kunisemesha, na baadaye yangekwisha.

Nikasema ni Alain. Marehemu Alain, aliyekuwa mlinzi wa stesheni, tumemzika miaka kumi iliyopita. Nilisema alikuwa na njaa siku zile, watu wa njaa hufanya mambo, na sisi tumekwisha kumsamehe. Nilisema vizuri sana. Nilitikisa hata kichwa kwa huzuni.

Joëlle alishika mdomo. Alisema mjane wa Alain anamuuzia chumvi kila juma, na kuanzia kesho hatamsalimia tena.

Bulaimu alisema, “Alain hapana, mama. Alain njo aliniletea maji kule. Askari walimupiga kwa ajili ya ile maji.”

Kisha akanawa mikono. Alimshukuru Joëlle kwa chakula, akachukua fimbo, akaenda. Hakuniaga. Katika miaka hii yote hajawahi kuondoka bila kuniaga.

Joëlle alinitazama. Alibeba mkeka wake akaenda kulala kwenye chumba cha Beya, na mlango ameufunga kwa ndani. Paja la mbuzi lilibaki kwenye sahani ya Bulaimu, halijaguswa. Nimelila mimi, kwa kuogopa lisije likaharibika.

Najuta. Nimekaa hapa na daftari tangu saa mbili na najuta kwa moyo wangu wote. Sikupaswa kumtaja Alain, mtu wa mtaa huuhuu, kila mmoja anamjua. Ningetaja mtu wa mbali, wa Lubutu.